Shavu la Kushoto la Baba

Mpaka leo ninanyoa kwa wembe wa kukunja, na wajukuu zangu wananicheka. "Babu, iko siku utajichinja," wananiambia, "na nyembe za siku hizi zimejaa tele madukani." Nawaambia waniache. Mimi nina hasira za karibu, nyumba nzima inajua, na asubuhi nikiwa na povu usoni sitaki mtu anisemeshe. Lakini si hasira inayoninyamazisha mbele ya kioo. Nikiugusisha wembe huu kwenye shavu la kushoto namkumbuka baba, na moyo unaniuma vilevile kama zamani.

Mambo hayo yalitupata Mahongole, jirani na Makambako, enzi za Mwingereza, vita kubwa ikiwa imekwisha na askari wamesharudi makwao. Nyumbani tulikuwa baba, mama, kaka yangu na mimi. Kaka, mtoto wa kwanza, ndiye aliyekuwa kinyozi wa baba. Kila Jumamosi baba alikaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba, naye kaka akamnyoa kwa kijiwembe cha chuma kilichofuliwa na wahunzi wa Upangwa. Kilikuwa kinang'oa zaidi ya kunyoa. Baba alitoa machozi, kaka akamtania, "Mzee unalia? Nimwite mama?" na wote wawili wakacheka mpaka kuku wakakimbia. Mimi kazi yangu ilikuwa kuleta maji. Niliyaleta, nikasimama pembeni, nikawaonea wivu. Hakuna aliyewahi kuniambia, njoo na wewe ujaribu.

Kisha kaka akaenda manamba. Lori la kuchukua vibarua lilisimama Makambako, nao vijana wakapanda kwenda kwenye mashamba ya mkonge huko Tanga. Kaka alisema atamaliza mkataba mmoja tu, arudi na blanketi la mama na mabati ya nyumba. Kile kijiwembe alikitia mfukoni. Akiwa juu ya lori alimpigia baba kelele, "Nitakukuta na ndevu, Baba! Usiguse, nitazinyoa mwenyewe!" Watu wakacheka, baba akacheka, lori likaondoka.

Mwanzoni salamu zake zilifika kwa midomo ya watu waliorudi. Baadaye zikakatika. Mmoja alisema amehamia shamba jingine. Mwingine alisema hajawahi kumwona kabisa. Mkataba ukaisha, na mwingine ungekuwa umeisha, na kaka hakuonekana. Baba hakuzigusa ndevu. Zilishuka mpaka kifuani, nyeusi zenye mvi katikati, na alipokunywa uji ilibidi azishike kwa mkono mmoja. Mtu akimwambia anyoe, alijibu neno lile lile, "Ndevu hizi zina mwenyewe."

Sasa lazima nieleze kitu, maana wasomaji wa leo hawajui. Kwetu mwanamume hakuacha ndevu hovyohovyo. Aliziacha nyumba ikiwa na msiba. Siku ya kuondoa matanga mwenye nyumba alitolewa nje, akakalishwa kwenye kigoda katikati ya uwanja mbele ya watu wote, akanyolewa yeye kwanza ndipo wengine wakafuata. Siku za kawaida kunyoana kulifanyika nyuma ya nyumba, na hakuna aliyejali. Kwa hiyo majirani walipoziona ndevu za baba wakaanza kunong'ona. Wengine walisema anamlilia mtu ambaye hajafa, na huko ni kujitakia mabaya. Shangazi yangu, dada yake baba, mwanamke mwenye sauti ya kusikika mtaa wa pili, alishikilia kwamba baba ameshapata habari mbaya ila anatuficha. "Namjua ndugu yangu," alisema. "Ana lake jambo."

Mimi nilitaka kitu kimoja tu. Nilitaka baba akae kwenye kile kigoda, afumbe macho, aninyooshee shavu. Nilijiambia kwamba ni kwa ajili ya usafi wake, mzee wa kanisa asiende madhabahuni na uji ndevuni. Uongo mtupu. Nilitaka kuwa mtoto wake.

Wakati huo nilishapata kibarua Njombe, kubandua magome ya miti ya miwati, na nilipanga chumba Mjimwema kwa mama mmoja mjane. Mshahara wenyewe haukuwa wa kujivunia. Siku moja, nikisubiri lori la kunirudisha Njombe, nilikaa kwenye baraza la duka la Mhindi pale Makambako, ambapo kulikuwa na kinyozi aliyewahi kuwa askari wa Keya, jeshi la Mwingereza. Alipigana Burma na hakukubali mtu asahau. Aliwanyoa madereva na makarani kwa wembe wa Kizungu wa kukunja, mrefu, unaong'aa. Nikakaa kitini kwake kwa kujaribu tu. Nilitegemea machozi, kama ya baba. Sikusikia kitu. Alipomaliza nikapapasa shavu, lo! lilikuwa laini mpaka nikaona haya.

"Afande," nikamwuliza, "mtu anajifunzaje kunyoa hivi?"

"Kwa damu," akanijibu. "Yako au ya mwenzako. Wewe utatumia ya nani?"

Nikamwambia nataka kumnyoa baba yangu. Akaacha kucheka. Alikuwa na wembe wa pili, mpini umepasuka na makali yana pengo dogo karibu na ncha, na akaniachia huo kwa bei ya kutupa, juu yake akidai kibuyu cha pombe ya ulanzi. Hata hiyo bei ya kutupa iliniumiza. Mwezi ule nilikula viazi vya kuchemsha asubuhi na jioni, na nikiwa na njaa naufungua wembe wangu, nautazama, naufunga.

Kununua wembe kumbe ni mwanzo tu. Wembe wa namna ile unataka ukanda wa ngozi, unataka kinoo, unataka brashi, unataka sabuni ya maana, na mimi sikuwa na kitu. Mpini nilichonga mpya kwa mti wa muwati. Ukanda nilimwomba mlinzi wa shambani, aliyekuwa anautupa mkanda wake wa suruali. Nikaupigilia msumari mlangoni, nikausugua mafuta ya ng'ombe na majivu laini. Sabuni ilikuwa ile ile ya mche ya kufulia, na uso ulikuwa unawasha mpaka saa ya chakula. Brashi nilitengeneza kwa nyuzi za katani, nikazifunga kwenye kijiti na kuzipondaponda ncha zilainike. Ilikwaruza, lakini povu lilitoka.

Kwenye kinoo ndiko nilikoharibu. Nilijiona mjanja. Kwa nini ninunue jiwe wakati mto Ruhuji umejaa mawe? Nikaokota moja laini kabisa, nikakaa Jumapili nzima baada ya ibada nikinoa kwa bidii zote. Jioni wembe ulikuwa na makali ya msumeno. Nilikasirika nikalirusha lile jiwe, likampata kuku wa mama mwenye nyumba, na hilo nalo likawa kesi. Ikabidi nirudi Makambako mkono nyuma.

Afande aliupitisha wembe kwenye ukucha wake, akanitazama kwa huruma. "Jiwe la mtoni ni la kunolea panga," alisema. "Kijana, unataka kumnyoa baba yako au kumfyeka?" Waliokuwa barazani wakaangua kicheko. Lakini aliunoa upya mwenyewe, akanipa nusu ya kinoo chake kilichovunjika, akanishika mkono kunionyesha. Kwenye jiwe makali yatangulie. Kwenye ngozi mgongo utangulie, makali yafuate, ukigeuza umekata ukanda. Na usoni wembe haubanwi wala hausukumwi, unalazwa, na mkono wa pili unavuta ngozi. "Ukisikia sauti kama mtu anakanyaga majani makavu, unanyoa," alisema. "Usiposikia kitu, simama, umeshakata nyama."

Uso wangu niliuogopa. Ulikuwa msimu wa mapichi, na mti ulikuwa nyuma ya nyumba, kwa hiyo nikaanzia hapo. Nililipaka pichi povu, nikalilaza kiganjani, nikalinyoa manyoya yake bila kulichubua. Ya mwanzo yote niliyakata, nikayala pamoja na sabuni yake. Baadaye nikawa nayatoa yanang'aa. Mama mwenye nyumba akakuta bakuli la mapichi yenye vipara. "Jamani! Nani amenyoa mapichi yangu?" alipiga kelele. "We kijana, una akili kweli?" Nikamweleza. Alicheka mpaka akakaa chini, na tangu hapo akawa ananiletea yeye mwenyewe mapichi, ila nisile bila kumgawia.

Kisha nikajikaza kisabuni nikaanza usoni. Wenzangu wa kwenye miwati walifurahi sana majuma yale. "Leo umepigana na paka gani?" waliniuliza kila asubuhi. Nilikuwa napaka shabu damu ikatike, inachoma machozi yananitoka, na mimi naona sawa tu, maana nilikuwa najua ninachokitafuta. Taratibu mkono ukaelewa. Baridi ya Njombe inakakamaza ndevu, kwa hiyo nikajua kuziloweka kwanza kwa kitambaa cha moto. Nikajua ndevu za shingoni zinaota kuelekea wapi. Ikafika siku nikanyoa uso mzima, nikaoga, nikavaa shati jeupe kwenda kanisani, na shati likarudi jeupe.

Nikampelekea baba. Nilipanga vyombo vyangu mbele yake, wembe, ukanda, kinoo, brashi, nikiwa nimejaa majivuno. Hakuutazama wembe. Alichukua brashi.

"Hii ni katani?"

"Ndiyo, Baba."

Alizipitisha zile nyuzi kwenye kidole, akazinusa, akairudisha brashi mahali pake polepole. "Umefanya vizuri, mwanangu," alisema. "Lakini ndevu hizi zina mwenyewe."

Nilitoka nje damu inanichemka. Mama alinikuta kwenye zizi nikiupiga mlango teke. Nikamwambia, "Mama, kwani mimi si mtoto wa nyumba hii?" Alinishika bega. "Wewe tunakuona," alisema. "Baba yako anahangaika na yule asiyemwona." Nilijua anasema kweli, na haikunisaidia hata kidogo.

Nilimwomba tena mara nyingine, na nyingine, akanijibu vilevile. Nikaacha kuomba. Nilipokuja nyumbani nilinyoa mwenyewe tu pale ukumbini, kioo nimekiegesha dirishani, na yeye alikuwa ananitazama akijifanya hatazami.

Ikafika Jumamosi ya kuamkia Pasaka. Masika yalikuwa yamekolea, ukungu asubuhi yote, kisha jua likatoka ghafla. Mama alikuwa amekwenda kanisani kufagia na wenzake. Nilikuwa nimemaliza kunyoa. Baba alinyanyuka, akanijia, akanipitisha mgongo wa mkono shavuni, jambo ambalo hakuwahi kunifanyia tangu utoto.

"Kumbe unajua," alisema.

Niliogopa nikisema neno ataghairi.

"Kesho Pasaka," akasema tena. "Kaka yako akija zitakuwa zimeshaota. Haya, ninyoe."

Nyuma ya nyumba palikuwa tope tupu na kivuli. Baba mwenyewe alibeba kigoda akakiweka uwanjani mbele, kwenye jua. "Hapa pana mwanga," alisema. "Sitaki unikate pua." Haki ya Mungu, hakuna kati yetu aliyefikiri zaidi ya hapo. Yeye alikuwa anawaza pua yake. Mimi nilikuwa nawaza mkono wangu usitetemeke.

Nilianza na za upande wa kushoto, nikazipunguza kwa mkasi, zikaanguka mafungu mafungu miguuni pake. Nikamfunika uso kwa kitambaa cha moto, akaguna kwa raha. Nikapaka povu. Nikaupitisha wembe kwenye ukanda, nikasimama upande wake wa kushoto, nikavuta ngozi karibu na sikio, nikaulaza. Ile sauti ikaja, ya majani makavu. Chini ya povu ikatokea ngozi ambayo sikuwa nimeiona kwa miaka, ya maji ya kunde, angavu kuliko uso wote, na kovu dogo nililokuwa nimelisahau. Nilinyoa mpaka kwenye taya, nikashuka shingoni, nikapanda kwenye mdomo. Hakutoa machozi. Alikuwa amefumba macho, na mkono wake umelegea juu ya goti.

"Mkono wako mwepesi," alisema. "Mwepesi kuliko wake."

Neno lile nililisubiri maisha yangu yote. Nilikaa nalo muda wa kufuta wembe kwenye kitambaa, basi.

Shangazi alikuwa analeta mayai ya Pasaka. Alifika kwenye njia ya kuingia uwanjani, akaona ndugu yake amekaa kwenye kigoda katikati ya uwanja, ndevu chini, wembe juu, na mimi niliyeshuka na lori la jana kutoka Njombe. Hakuuliza. Kwa nini aulize? Kila kitu alikuwa anakiona. Kikapu kilimdondoka, mikono akaitia kichwani, akapiga yowe mpaka nikauondoa wembe kwa woga. "Mwanangu! Jamani mwanangu amekwisha! Amefia ugenini mwanangu!"

"We! Nyamaza!" baba aliruka. Lakini yowe la msiba likishapigwa kwetu halirudishwi. Walioko jirani walilisikia, wakalipokea, wakalipeleka mbele. Wanawake walitoka mashambani wakijifunga kanga viunoni wanalia. Wanaume wakaacha majembe. Kila aliyeingia aliona kigoda na ndevu, na kila aliyeona alilia zaidi. Baba alizunguka kati yao na povu shavu moja, anawashika mabega, "Hajafa! Sikilizeni, hajafa mtu!" nao wakamkumbatia wakamwambia, "Pole, mzee. Pole sana. Jikaze."

Kisha akaja mama. Habari ilimkuta kanisani, akakimbia kuja nyumbani bila viatu. Alipomwona baba amenyolewa hakulia hata kidogo. Alikaa chini kwenye tope, miguu imenyooka, akawa anatazama tu mbele yake. Baba akapiga magoti pale pale, akamshika uso kwa mikono miwili, akamwambia, "Mama, ni Pasaka. Nilikuwa nanyoa kwa ajili ya Pasaka." Ilibidi aseme tena na tena.

Watu walipotulia, shangazi akaokota kikapu chake. "Kama hajafa," aliuliza, "mbona unanyolewa uwanjani?"

Mwanga, tope, pua yake, baba angesema nini? Watu wakawa wanatazamana, na nikaona wazi hawaamini. Walidhani habari imekuja kweli na mzee ameshindwa kuisema.

Nikamsogelea na wembe. "Baba, kaa nimalizie upande huu."

Alinitazama, akautazama uwanja. "Ukimalizia, wataondoka hapa wameshamzika," alisema. Akafuta povu la shavu la kulia kwa mkono wa shati, akaingia ndani.

Asubuhi yake akaenda kwenye ibada ya Pasaka hivyo hivyo. Upande wa kushoto shavu laini kama la bwana harusi, upande wa kulia ndevu mpaka kifuani. Alikaa benchi la mbele, mahali pake. Watoto walijiziba midomo. Mchungaji alipoteza mstari aliokuwa anausoma. Walipotoka, mzee mwenzake akamwambia, "Ndugu, tunakuomba, kanyoe hiyo nusu, ni aibu." Baba akamjibu kwa sauti ya watu wote kusikia, "Nikiwa na msiba nitanyoa zote. Mwanangu mzima." Nilitamani ardhi ipasuke. Nilimwonea aibu, halafu nikajionea aibu mimi kwa kumwonea aibu, na mwisho nikawa na hasira tu, na kaka aliyeko huko aliko, na shangazi, na jua lile lililotoka mbele ya nyumba badala ya nyuma.

Baba hakuninyooshea shavu tena. Ndevu za kushoto zikaota, lakini hazikuwahi kuzifikia za kulia, na kila nikija nyumbani macho yangu yalikwenda kwenye ile tofauti. Nilioa, nikapata watoto, nikaendelea na kazi Njombe. Wembe nilikuwa nao kila safari. Sikumwambia, naye hakusema. Labda alikuwa anasubiri niombe mara moja tu zaidi. Hilo ndilo linalonisumbua mbele ya kioo. Mkono mwepesi, alisema mwenyewe, na nikakaa nao bure.

Kifua kilimwanza majira ya baridi. Nilipofika alikuwa amelala karibu na moto, mama amejinyoosha pembeni yake, amefumba macho kwa uchovu. Baba alinipa ishara nisogee.

"Wembe unao?"

"Ninao, Baba." Nikaanza kunyanyuka nikachemshe maji.

"Si sasa. Siku nikiondoka." Alipumzika akavuta pumzi. "Shavu la kushoto ni lako. Linyoe vizuri, kama siku ile. La kulia mwachie mwenzako."

Nikacheka na machozi yananitoka. Baba alikuwa amegawa uso wake kama anavyogawa shamba, na mimi nimepata fungu langu.

Aliondoka kabla ya baridi kwisha. Tulimwosha chumba cha ndani, mimi na wazee wa kanisa. Nilinoa wembe kwenye ile nusu ya kinoo, nikaupitisha kwenye ukanda, nikatoa povu kwa brashi ya katani. Nikasimama kushoto kwake, nikavuta ngozi karibu na sikio. Ilikuwa baridi, na povu lilikauka haraka, lakini nililinyoa shavu lile vizuri kuliko nilivyowahi kunyoa uso wowote. Lile kovu dogo likatokea tena. Nikaufuta wembe, nikaukunja.

"Bado huku," mzee mmoja alisema.

"Huku si kwangu," nikamjibu. Nikawaeleza alivyosema baba. Wakatazamana. Yule mzee akasema hawezi kusimama kaburini juu ya mtu aliyenyolewa nusu, kwamba kijiji kimeshachekwa mara moja inatosha. Nikamwambia akiugusa uso wa baba yangu tutaonana wabaya. Sauti zetu zilifika nje, na pazia likafunguliwa, akaingia mama.

Hakutuuliza kitu. Alipiga magoti, akaweka mkono kwenye shavu la kushoto, kisha akauhamishia kwenye ndevu za kulia, akazichana kwa vidole mpaka chini, polepole, kama alikuwa na siku nzima.

"Malizia, mwanangu," alisema.

"Mama, Baba alisema la kulia ni la kaka."

"Nilisikia. Sikuwa nimelala." Aliendelea kuzichana. "Mimi nilijua tangu Jumamosi ile ya kuamkia Pasaka, nilipokaa kwenye tope. Nilinyamaza kwa sababu yake. Sasa yeye haumizwi tena. Mwenye shavu hili hatakuja. Mnyolee kaka yako."

Nikaufungua wembe. Nikazunguka upande wa kulia, mahali aliposimama kaka kila Jumamosi, nikapaka povu. Nje watu walikuwa wanamlilia baba. Nilianzia chini ya sikio, na mama, kwa mara ya kwanza, akaanza kumlilia kaka.